Nzi yupi kwa majira yapi? Uvuvi wa trauti kusini na kwenye Ikweta

Berea mjini Johannesburg, Afrika Kusini, ni mtaa wa maghorofa, wala hauna mto wa kuvulia. Hata hivyo, anayetoka hapo na kusafiri kiasi cha kilomita 250 kuelekea mashariki hufika Dullstroom, katika jimbo la Mpumalanga, penye mabwawa ya maji baridi yenye samaki aina ya trauti. Chambo chake si mnyoo bali nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi hata ikafanana na mdudu. Na katika kumchagua nzi huyo ndipo wageni wengi hukosea.

Vitabu vingi vya uvuvi huu viliandikwa Uingereza, ambako mwezi wa Mei wadudu wa majini huibuka kwa wingi. Mei ya Johannesburg ni mlango wa kipupwe. Basi mvuvi na aulize samaki wanakula nini wakati huo, si kitabu kimetaja mwezi gani.

Kuanzia Juni hadi Agosti wadudu ni haba na maji ni maangavu. Trauti wa mabwawani hula mabuu ya usubi, kwa hiyo ndoana iwe ndogo na ivutwe polepole mno. Septemba maji yakianza kupata joto, tunutu wa kereng'ende hutembea kwenye majani ya majini, na hapo hutumika Walker's Killer, nzi aliyebuniwa nchini humo humo. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huruka na wengine huangukia majini. Trauti huwapenda kama wanavyopendwa na watu wa kando ya Ziwa Victoria, na nzi anayeelea ndiye afaaye.

Desemba hadi Februari swali hubadilika: je, inafaa kuvua? Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi, oksijeni hupungua, na samaki aliyechoshwa na mshipi huweza kufa hata akirudishwa majini. Mvuvi mwungwana hubeba kipimajoto, huvua alfajiri, au husubiri usiku wa Machi na Aprili uyapoze maji.

Nchini Kenya, trauti wa kahawia walipandikizwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905; wale wa upinde wa mvua waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Lakini kalenda ya kusini haifai huko, kwani mito ya Mlima Kenya hufuata masika na vuli. Mvua ikichafua maji, hutakiwa nzi mkubwa mweusi anayeonekana katika tope. Januari na Februari maji yakitakata, nzi mdogo na mshipi mwembamba.

Mwenye shaka na ageuze jiwe moja mtoni kabla ya kufungua kisanduku chake. Wadudu walionata chini yake watamwonyesha rangi na ukubwa wa nzi wa siku hiyo.