Goma: Kijana aliyekataa rushwa na swali aliloliacha mezani kwa wazazi na watoto

Alikuwa na umri wa miaka 26, amesomea sheria, ana kazi katika ofisi ya serikali na mchumba waliyekuwa wakipanga kuoana. Kwa vipimo vya wazazi wengi wa Goma, Floribert Bwana Chui alikuwa kijana aliyefika.

Julai 7, 2007, alitekwa mjini humo. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana ukiwa na alama za mateso.

Alikuwa akifanya kazi katika Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC), chombo kinachokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, na alisimamia kitengo cha bidhaa zilizoharibika. Aliletewa fedha ili aruhusu shehena ya chakula kibovu iliyotoka upande wa Rwanda ipite mpakani na kuingia sokoni. Akakataa. Akashinikizwa, akakataa tena.

Juni 15, 2025, karibu miaka 18 baada ya kifo chake, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma. Misa haikuweza kufanyika katika mji aliozaliwa. Tangu mwishoni mwa Januari mwaka huo, Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Mama yake mzazi alisafiri hadi Italia kushuhudia mwanawe akipewa heshima hiyo.

Kwa Kanisa, hii ni habari ya mfiadini. Kwa familia za Goma, ni habari inayogusa jambo linalozungumzwa chini chini katika nyumba nyingi: mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo mzima, akipata kazi, anaifanya kwa ajili ya nani? Na mzazi na mtoto wakitofautiana kuhusu jibu, nani asikilizwe?

Kizazi cha 'Kifungu cha 15'

Ili kuelewa hofu ya wazazi, inabidi kurudi nyuma hadi enzi za Mobutu Sese Seko.

Waliokua wakati huo wanakifahamu vizuri 'Kifungu cha 15', sheria ya utani ambayo haimo katika katiba yoyote inayotumika. Maana yake ni moja tu: jipangeni wenyewe. Mshahara usipofika, mtumishi ajitafutie. Mwaka 1976, Mobutu mwenyewe alihutubia wananchi na kuwaeleza kwamba anayeiba, basi aibe kidogo na kwa akili. Maneno hayo bado yanakumbukwa.

Lugha ya mitaani ikazoea. Kitu kidogo kikaitwa matabishi. Kinshasa kikapewa jina jingine kwa Kilingala, 'madesu ya bana', yaani maharagwe ya watoto. Jina hilo linaeleza mengi. Anayepokea hajioni mwizi, anajiona baba au mama anayelisha nyumba yake.

Hata shule ziliendeshwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio walioanza kuchanga ili masomo yasisimame. Mchango huo ulikuja kuitwa 'motivation', neno la Kifaransa lenye maana ya motisha. Ulidumu kwa miongo kadhaa, hadi serikali ya Félix Tshisekedi ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019.

Floribert, aliyezaliwa Goma Juni 13, 1981, alikuwa mwanafunzi katika miaka hiyo. Kizazi chake kilisoma kwa sababu wazazi waliuza, walikopa na walijinyima.

Juu ya hayo yakaja maafa. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma ndani ya siku chache, na kipindupindu kikafuata. Vita vikaja mwaka 1996, vikarudi 1998. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kuwaacha zaidi ya watu 100,000 bila makazi. Mei 2021 ililipuka tena, safari hii lava ikasimama pembezoni mwa mji.

Mzazi aliyejenga nyumba mara mbili au tatu juu ya mawe meusi ya volkano ana sababu ya kumwambia mwanawe: ukipata kazi, ishike, usigombane na wakubwa, usijitafutie maadui. Nyumba huungua na duka huporwa, lakini mshahara wa mtoto mmoja unaweza kulipa karo ya wadogo zake, mahari ya kaka yake na gharama za matanga ya ukoo.

Imani iliyohamia ofisini

Floribert hakuwa padri wala mtawa. Akiwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, chama cha walei Wakatoliki kilichoanzia Roma mwaka 1968. Mjini Goma, vijana wa jumuiya hiyo waliwahudumia watoto wa mitaani, wale wanaoitwa maibobo, kwa kuwafundisha na kula nao.

Hapo ndipo tofauti ya vizazi inapoonekana kwa upande wa imani. Kwa Wakongo wengi wa umri mkubwa, picha ya mtu aliyemfia Mungu ni Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenyeheri na Papa Yohane Paulo II mjini Kinshasa mwaka 1985. Kabla ya kufa, Anuarite alikuwa ameshachagua njia ya pekee: aliacha nyumba ya wazazi, akavaa shela, akaweka nadhiri. Wapo pia walei, kama Isidore Bakanja, kibarua wa shambani aliyefariki mwaka 1909 na kutangazwa mwenyeheri mwaka 1994, lakini mateso yake ni ya enzi za ukoloni.

Habari ya Floribert ni ya juzi. Ina mhuri wa ofisi, karatasi za forodha na simu za shinikizo. Kijana wa leo anayefanya kazi mpakani, benki au hospitalini hahitaji kuelezwa mazingira hayo.

Siku zake za mwisho, Floribert alizungumza na mtawa mmoja ambaye pia ni daktari, akimweleza kuhusu fedha alizokuwa akiletewa na akitaka kujua chakula kile kingewadhuru vipi watu. Swali lake lilikuwa la kitaalamu na la kiimani kwa pamoja. Kama kitu hiki kitamuua mtoto wa mtu, mimi ninayekiwekea mhuri ni nani?

Februari 2, 2023, Papa Francis alimtaja mbele ya maelfu ya vijana katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa. Aliwakumbusha kwamba Floribert angeweza kufumba macho, kwamba hakuna ambaye angejua, na kwamba huenda angepanda cheo. Goma ilikuwa imeondolewa katika ratiba ya ziara hiyo kwa sababu ya mapigano. Novemba 25, 2024, Papa huyo aliidhinisha tamko kwamba kijana huyo aliuawa kwa chuki dhidi ya imani.

Waliochagua barabara

Wapo vijana wa Goma waliopeleka msimamo kama huo mahali pengine. Mwaka 2012 baadhi yao walianzisha vuguvugu la LUCHA, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya mapambano kwa ajili ya mabadiliko. Hawakutumia silaha. Walidai ajira, usalama na maji safi katika mji ulio kando ya Ziwa Kivu.

Gharama ilikuwa kubwa. Februari 2016, Rebecca Kabugho, aliyekuwa na umri wa miaka 21 hivi, alikamatwa pamoja na wenzake watano walipokuwa wakiandaa mgomo wa kubaki nyumbani. Walihukumiwa kifungo cha miaka miwili, kikapunguzwa hadi miezi sita katika rufaa. Mwaka uliofuata, Marekani ilimpa tuzo ya wanawake jasiri duniani. Mwenzao mashuhuri, Luc Nkulula, alifariki Juni 2018 nyumba yake ilipoungua moto mjini Goma.

Kwa mzazi, majina hayo yanathibitisha hofu yake: mtoto anayesema hapana hufungwa au huzikwa. Kwa kijana, majina hayo hayo ni ushahidi kwamba Goma ina watu wasionunulika. Wote wawili wanazungumzia matukio yale yale, na hakuna anayeyakosea.

Nani analipa?

Ni rahisi kusema kizazi cha zamani kilitafuta mkate na kizazi kipya kinatafuta maana. Maisha ya Floribert hayakubali mgawanyo huo. Alitaka ndoa, alitaka kazi, alitaka kubaki Goma. Hakudharau vitu ambavyo mzazi yeyote humtakia mwanawe. Alikataa tu kuvipata kwa njia ile.

Na hakulipa gharama peke yake. Mchumba alibaki bila harusi, na mama alibaki na kaburi. Anayewahimiza vijana wamuige ana wajibu wa kulitaja hilo pia, kwa sababu rushwa inapokataliwa na mtu mmoja katika ofisi isiyomlinda, bili huenda nyumbani kwake.

Lakini upande wa pili nao una hesabu yake. Kama shehena ile ingepita, mchele mbovu ungefika katika masoko ya Goma na kuishia katika sufuria za akina mama wasioujua ulikotoka. Maharagwe ya watoto wa mtu mmoja yangekuwa sumu kwa watoto wa wengine.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mji ulipotekwa. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na familia zilizotegemea mshahara wa mtu mmoja zikabaki zikihangaika kupata fedha taslimu. Katika hali hiyo, kumwambia kijana aliyebahatika kupata kibarua chochote kwamba achague dhamiri ni maneno mazito. Kumwambia anyamaze na kupokea kila anachopewa ni mazito vilevile, maana ndivyo Kifungu cha 15 kilivyorithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Lipo jambo moja ambalo wazazi wanaweza kulifanya bila kusubiri amani: kuwaambia watoto wao mapema, kabla ya siku ya bahasha, kwamba wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu walikataa, mlango utafunguliwa. Kijana anayejua kuwa ukoo hautamlaani kwa kupoteza kazi ana nguvu ambayo mwenzake hana.

Mjini Goma, ipo shule ya watoto waliokimbia vita iliyopewa jina la Floribert. Kumbukumbu yake kanisani imewekwa Julai 8 kila mwaka. Mwaka huo wa 2025, siku hiyo ilifika chini ya mwezi mmoja baada ya misa ya Roma, wakati mji wake ukiwa bado chini ya M23 na malori yakiendelea kusubiri ukaguzi mpakani.