Poda ya Madini kwa Ngozi Kavu: Mafuta Kwanza, Poda Baadaye

Katika soko la Namuwongo, mjini Kampala, vipodozi huuzwa sambamba na mboga, mkaa na nguo za mitumba. Miongoni mwa vikopo vilivyopangwa juu ya meza, vingi siku hizi vina neno moja linalowavutia akina mama: madini. Muuzaji humweleza mnunuzi kwamba poda hiyo haina kemikali, kwamba imetoka ardhini moja kwa moja, na kwamba ngozi kavu au ngozi nyepesi kudhurika itaipokea bila mwasho wowote. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mama anayeyapokea yote kama yalivyo anaweza kupoteza fedha za matumizi ya nyumba na, ikiwa bahati ni mbaya, afya yake pia.

Namuwongo ni mahali ambapo ngozi hupata taabu. Mtaa huo umepakana na eneo la viwanda, reli na mfereji wa Nakivubo. Vumbi la barabara na moshi wa mkaa huingia hadi vyumbani. Jua nalo halina mzaha. Kampala iko karibu sana na ikweta, inayokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, na mji wenyewe uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Askari wa kike anayeongoza magari kwa saa nyingi, mama muuza ndizi kando ya reli, na mke wa askari anayefua kambini, wote hurudi nyumbani jioni uso ukiwa umekakamaa. Hapana ajabu, basi, kwamba wanatafuta kipodozi kisichowadhuru.

MADINI GANI HASA?

Poda inayoitwa ya madini kwa kawaida huundwa kwa vitu vichache. Cha kwanza ni oksidi ya zinki, unga mweupe unaotuliza mwasho. Cha pili ni dioksidi ya titani, nayo ni nyeupe, na kazi yake ni kuficha madoa na kurudisha nyuma miali ya jua. Cha tatu ni oksidi za chuma, ambazo kwa asili ni kitu kimoja na kutu. Hizo ndizo zinazotoa rangi nyekundu, manjano na nyeusi, na kwa kuzichanganya hupatikana kila rangi ya ngozi ya binadamu. Cha nne ni ulanga, yale magamba membamba yang'aayo ambayo katika milima ya Uluguru, Tanzania, yalichimbwa tangu enzi ya Wajerumani. Baadhi ya viwanda huongeza udongo mweupe wa kaolini, wa aina ile ipatikanayo Pugu karibu na Dar es Salaam.

Kusema kwamba vitu hivi si kemikali ni kosa, kwa sababu kila kitu duniani, hata maji, ni kemikali. Tena unga huo hausagwi tu na kutiwa koponi. Oksidi za chuma zinazotumika katika vipodozi aghalabu hutengenezwa kiwandani, maana udongo mwekundu wa ardhini unaweza kubeba risasi na sumu nyingine. Faida ya kweli ya poda ya madini ni nyingine. Ikiwa imetengenezwa vizuri, haina manukato, haina maji, na kwa hiyo haihitaji dawa nyingi za kuizuia isioze. Manukato na dawa hizo ndizo huwasha ngozi za watu wengi. Hii ndiyo sababu ngozi nyepesi kudhurika mara nyingi huistahimili poda ya madini kuliko krimu yenye harufu nzuri.

Wazazi wengi wamekwisha kutumia madini haya bila kujua. Dawa ya kalamini, ile ya rangi ya waridi ambayo hupakwa mtoto mwenye tetekuwanga, ni oksidi ya zinki iliyotiwa oksidi ya chuma kidogo. Aliyewahi kuipaka anajua mambo mawili: mwasho hutulia, na ngozi hukauka. Sifa hizo mbili zimo pia katika poda ya madini, na sifa ya pili ndiyo humponza mwenye ngozi kavu.

KWA NINI NGOZI KAVU HULALAMIKA

Tabaka la juu la ngozi lafanana na ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo unaoyashikanisha. Mafuta yakipungua, ukuta huwa na nyufa. Maji ya mwilini hupotea na vumbi huingia. Ndipo mtu anapoona weupeweupe kama majivu, magamba madogo, na mwasho.

Poda ya madini hunyonya mafuta. Kwa mwenye uso wa mafuta hiyo ni neema, lakini kwa mwenye ngozi kavu poda humnyang'anya hata kile kidogo alichonacho. Kisha chembe zake hujikusanya juu ya magamba na katika mikunjo ya macho na mdomo, zikaonyesha kila dosari iliyokusudiwa kufichwa. Mama akiona hivyo, huongeza poda. Kwa kuongeza, huukausha uso zaidi, na mwisho husema kipodozi kimemdhuru, ilhali kilichomdhuru ni utaratibu.

HEKIMA YA WAZEE

Upakaji wa madini usoni haukuanza na maduka ya leo. Wamasai na Wasamburu hujipaka udongo mwekundu, ambao rangi yake ni hiyohiyo oksidi ya chuma. Lakini hawaupaki mkavu. Huuchanganya na mafuta ya wanyama. Katika Ankole, Wahima tangu zamani walijipaka siagi mwilini. Katika Acholi na Lango akina mama hukamua mafuta ya yaa kutokana na kokwa za mti uotao porini kaskazini mwa Uganda, na mafuta hayo ni laini kuliko yale ya aina yake yatokayo Afrika ya Magharibi. Funzo lililomo katika desturi hizi ni moja: ngozi ipewe mafuta kwanza, ndipo madini yakae juu yake.

HATUA KWA HATUA

Mwenye ngozi kavu anayetaka kutumia poda ya madini yafaa afuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, aijaribu poda kabla ya kuipaka usoni. Apake kidogo ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, kwa muda wa siku 7. Pakitokea wekundu, upele au mwasho, poda hiyo haimfai, hata kama jirani yake inampendeza.

Pili, aoshe uso kwa maji ya uvuguvugu bila kuusugua. Sabuni ya mche ya kufulia isiguse uso kamwe. Sabuni hiyo ni kali mno na huondoa mafuta yote ya asili.

Tatu, aukaushe uso kwa kuubonyeza kwa kitambaa safi, na ungali na unyevunyevu apake mafuta. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, au mafuta safi ya yaa. Hakuna haja ya kununua kitu cha ghali.

Nne, asubiri dakika 10 hadi 15. Mafuta yaliyozidi ayapunguze kwa kitambaa. Poda ikipakwa juu ya uso unaoteleza, itafanya mabaka.

Tano, amimine poda kidogo tu kwenye kifuniko, azungushe brashi laini, aikung'ute, kisha abonyeze usoni kwa upole. Asisugue kwa nguvu, kwani magamba ya ulanga hukwaruza. Wakati wa kuikung'uta asiivute poda puani, wala asifanye hivyo karibu na mtoto mchanga.

Sita, ikiwa uso bado unaonyesha magamba, achanganye poda na tone la mafuta kiganjani na kupaka kwa ncha za vidole. Hapo atakuwa amerudia njia ya wazee.

Saba, asilale na poda usoni. Aiondoe kwa mafuta na pamba au kitambaa laini, kisha anawe. Askari wanaopaka rangi za kujificha usoni wakati wa mazoezi nao watumie njia hiyo badala ya kujisugua kwa sabuni ya kufulia. Brashi ioshwe kila juma, na mtu asiazime ya mwenzake.

Mwenye ukurutu uliopasuka au unaotoa maji asipake poda yoyote. Huyo ni mgonjwa, na mahali pake ni zahanati au kliniki ya ngozi.

SUALA LA RANGI

Zinki na titani ni nyeupe. Poda iliyopungukiwa na oksidi za chuma humfanya mtu mweusi aonekane kama aliyepakwa majivu. Kosa hapo ni la kopo, wala si la ngozi. Rangi ya poda ijaribiwe kwenye taya, nje, katika mwanga wa mchana, na ile inayopotea isionekane ndiyo inayofaa. Oksidi za chuma zina faida nyingine pia, kwani huzuia sehemu ya mwanga wa jua inayoonekana kwa macho, ambayo huzidisha madoa meusi kama yale yawapatayo wajawazito. Hata hivyo poda pekee, kwa vile hupakwa kidogo, haitoshi kuwa ngao. Kofia na kivuli bado vina kazi yake.

MADINI YENYE SUMU

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Zebaki nayo ni madini. Risasi nayo ni madini. Neno lililoandikwa juu ya kifuniko halimwambii mnunuzi ni madini yapi yaliyomo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Zebaki hutiwa katika baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi kwa sababu huzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Haimwachi mtumiaji peke yake: mvuke wake na mabaki yake kwenye taulo, shuka na mikono huwafikia watoto, na mjamzito humfikishia aliye tumboni. Katika chumba kimoja ambamo familia nzima hulala, kama vilivyo vyumba vingi vya Namuwongo na vya kambini, kopo moja la mama ni kopo la wote.

Ulimwengu umekwisha kukubaliana juu ya jambo hili. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako sumu ya zebaki iligunduliwa mwaka 1956, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Uganda iliuridhia mwaka 2019. Kwanza ulikataza vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki katika kila kilo baada ya mwaka 2020. Kisha, katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, kiwango hicho nacho kiliondolewa, na mwaka 2025 ukawekwa kuwa mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Nchini Uganda, Shirika la Viwango, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni. Pamoja na hayo, vinaendelea kuingia kwa njia za magendo.

Wanja wa asili nao huweza kuwa na risasi, na haufai kupakwa watoto machoni. Kuhusu poda za talki, mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka talki katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mwenye kuweza kuiepuka, na aiepuke.

KUSOMA KOPO

Asiyejua Kiingereza asikate tamaa, kwa maana rangi za vipodozi huandikwa pia kwa namba zinazoanza na herufi CI. Namba 77947 ni oksidi ya zinki; 77891 ni dioksidi ya titani; 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma; 77019 ni ulanga. Hizo zinakubalika. Namba 77718 ni talki. Namba 77163 ni madini ya bismathi yenye kung'aa, ambayo huwawasha watu wengi wenye ngozi nyepesi, hasa wakitoka jasho. Namba 75470 ni rangi nyekundu itokanayo na mdudu, si madini, na baadhi ya watu humdhuru. Herufi Hg ni alama ya zebaki. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, lisilo na jina la mtengenezaji, au linaloahidi kuing'arisha ngozi kwa siku chache, liachwe mezani pale pale.

Maagizo haya yanawahusu akina baba pia. Askari wengi wanaporudi likizo hupenda kumletea bibi zawadi ya vipodozi, na wengi huchagua kwa uzuri wa kopo. Zawadi ni jambo jema, lakini dakika mbili za kusoma namba kabla ya kulipa zinaweza kuwaepusha watoto na sumu ambayo hakuna ulinzi wa mlangoni utakaoizuia. Na kama fedha hazitoshi kununua poda na mafuta kwa pamoja, basi na anunue mafuta. Ngozi iliyolishwa vyema hupendeza hata bila poda, lakini poda juu ya ngozi yenye njaa haijapata kumpendeza mtu.