Kutoka Shamba la Karanga hadi Kambi ya Macho

Nachingwea inajua mradi unapoanguka unabakiza nini. Mwaka 1946 timu ya wataalamu ikiongozwa na John Wakefield iliizunguka Tanganyika kwa wiki chache, ikiitazama ardhi kutoka ndegeni, kisha ikaishauri Uingereza ilime karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianzia Kongwa, ikafuata Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikufuata ratiba ya mtu. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Hata reli haikutimiza miaka ishirini.

Wakati huohuo Mwingereza mwingine alikuwa akizunguka makoloni kwa shughuli tofauti. John Wilson alipofuka akiwa na umri wa miaka 12, baada ya mlipuko katika somo la kemia. Yeye alitumwa kuchunguza hali ya wasioona katika Afrika na Mashariki ya Kati. Hakuwa na namna ya kuikagua nchi kwa macho. Ilimbidi kuuliza na kusikiliza. Alichokisikia ni kwamba sehemu kubwa ya upofu ule ingeweza kuzuilika au kutibika. Mwaka 1950 ikaundwa jumuiya ya kuwahudumia wasioona katika himaya ya Uingereza, naye akawa mkurugenzi wake. Ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Sightsavers.

Tusikimbilie kumpamba Wilson. Jumuiya yake nayo ilizaliwa London, na ilibeba himaya katika jina lake. Tofauti ni kwamba yenyewe ilikubali kusahihishwa na mambo iliyoyakuta. Haikuishia kwenye elimu na mafunzo ya kazi kwa waliokwisha kupofuka. Iliingia pia katika kuzuia upofu na kutibu macho. Mpango wa karanga ulishaagiza mitambo na kutangaza ekari kabla ya kuujua udongo, kwa hiyo kila dalili mbaya ilionekana kuwa kikwazo cha kusukumwa pembeni, wala si habari ya kuzingatiwa.

Kongwa yenyewe ilikuja kutoa somo la pili. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamechunguza huko trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Vijidudu vyake huambukizwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Mtu akiambukizwa tena na tena, kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho hadi mwanga unapotea. Jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilihusisha vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya kupaka, lakini vitatu viliongezewa kampeni ya kuosha nyuso za watoto. Watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata trakoma kali. Lakini kampeni hiyo ilitanguliwa na swali ambalo mipango mingi hulipita: ndani ya kaya, nani anaamua maji na muda wa mama vitumikeje? Bila jibu la swali hilo, kumhimiza mama aoshe nyuso ni kumpa mzigo bila kata ya kuubebea.

Sasa tuulete mradi wa macho Matambarale, wilayani Ruangwa, jirani na Nachingwea. Kalenda ya kwanza kusomwa si ya wafadhili. Masika watu wengi wako mashambani, wanalinda mazao dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Mvua zikikatika kuna ufuta wa kuvuna, kisha mikorosho ya kupuliziwa dawa. Mwisho wa mwaka ni korosho na minada yake. Mgawa dawa za trakoma anayepita kijijini na fimbo ya kupimia urefu atakuta milango imefungwa, na waliokosa dozi wanaweza kuyarudisha maambukizi kwa waliomeza.

Kambi ya upasuaji nayo ina hesabu yake. Bibi mwenye mtoto wa jicho hasafiri peke yake. Lazima awepo wa kumshika mkono, na mara nyingi huyo ni mjukuu anayekosa masomo au binti anayeacha palizi. Upasuaji ukiwa bure, bado kuna nauli za watu wawili, chakula, pengine na malazi. Kwa kope zilizojikunja kuna jingine: baada ya kisu zinaweza kujikunja tena, hivyo bila mtu wa kumfuatilia mgonjwa nyumbani, aliyehesabiwa kuwa amepona atarudi kwenye maumivu yaleyale.

Ripoti hupenda idadi ya waliopasuliwa. Iongezwe safu ya pili: walioandikishwa wasifike, na sababu walizozitaja wenyewe. Sababu ikiwa ni msimu, tarehe isogezwe. Ikiwa ni woga, aliyepona wa kijiji kilekile aombwe akazungumze nao. Ikiwa ni nauli, bodaboda ya msindikizaji iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu bila yeye mgonjwa hafiki mezani kwa daktari.