Mtoa mada naye alipwe

Januari 2016, mwandishi Philip Pullman alijiuzulu ulezi wa Tamasha la Fasihi la Oxford, Uingereza. Wakati huo alikuwa rais wa Chama cha Waandishi cha nchi hiyo, kilichokuwa kikidai wanachama wake walipwe wanapoalikwa kuzungumza. Hoja yake haikuhitaji ufafanuzi mrefu: mwenye mahema analipwa, mchapaji wa ratiba analipwa; iweje mtu ambaye wengine wamekata tiketi kuja kumsikiliza aambulie shukrani?

Swali hilo linayagusa matamasha ya sayansi vilevile. Tamasha la sayansi la Edinburgh lilianza mwaka 1989, la Cheltenham mwaka 2002, na mengine mengi yamefuata. Wananchi wanatoa kiingilio, makampuni yanadhamini, na jukwaani anapanda mtaalamu wa nyota, wa virusi au wa tabianchi. Akishuka, malipo yake yanategemea aliyemwalika. Yupo anayelipa vizuri, yupo anayerudisha nauli tu, na yupo anayeona makofi yanatosha.

Utetezi tunaousikia ni kwamba mwanasayansi ana mshahara wa chuo, na jukwaa linamtangaza. Kwa profesa mwenye ajira ya kudumu, hilo lina ukweli. Lakini wanaoalikwa si maprofesa peke yao. Wamo watafiti wa mikataba mifupi, waandishi wa vitabu vya sayansi na watu wanaojitegemea, ambao kufundisha umma ndiyo kazi inayowalisha. Tena mada ya saa moja haiandaliwi kwa saa moja. Kuyageuza matokeo ya utafiti wa miaka yaeleweke kwa mtoto wa darasa la tano, kutafuta picha, kufanyia mazoezi majaribio ya jukwaani: hizo ni siku za kazi.

Tusipolipa, tunachuja. Anabaki mwenye uwezo wa kujigharamia, na watoto waliokaa ukumbini wanajifunza kwamba sayansi ni ya watu wa namna hiyo.

Historia ya London inatuonyesha njia nyingine. Mwaka 1812 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyekuwa akijifunza kujalidi vitabu, alipewa tiketi na mteja wa dukani akamsikilize mwanakemia Humphry Davy katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution. Mwaka uliofuata taasisi hiyo ilimwajiri kuwa msaidizi wa maabara, ikampa mshahara na mahali pa kulala. Kipaji alikuwa nacho, lakini kipaji hakilipi kodi ya nyumba. Kijana huyo ndiye baadaye aliyetoa mihadhara ya Krismasi ya taasisi hiyo mara 19.

Na asiyehitaji fedha hizo? Alipwe, kisha aamue mwenyewe. Mwanafizikia John Tyndall alipozunguka Marekani akihutubia mwaka 1872 na 1873, faida aliyoipata aliitoa isaidie wanafunzi wa sayansi wa huko. Ukarimu huo ulikuwa wake kwa sababu fedha zilikuwa zake.

Malipo ya haki si lazima yawe makubwa. Kiwango kitajwe kwenye barua ya mwaliko, kiwe kimoja kwa mwanamke na mwanamume, kwa mashuhuri na chipukizi. Nauli na malazi vitolewe kabla ya safari, maana si kila mtu anaweza kukopesha tamasha. Penye tamasha dogo ambalo wote wanajitolea, mwenyekiti hadi mpanga viti, mgeni aelezwe hivyo mapema, naye atachagua.

Nasi Afrika Mashariki, ambako posho ya kikao si jambo geni, tuanze vizuri katika maonyesho ya sayansi ya shule na vyuo vyetu. Mtafiti kijana anayeacha maabara kwenda kuwaelimisha wananchi anafanya kazi. Fungu lake liandikwe kwenye bajeti kabla ya fulana na mabango.