Roki ya Wasanii Huru wa Kenya

Muziki wa roki, ambao hujengwa juu ya gitaa la umeme, besi na ngoma zenye mapigo mazito, mara nyingi huhesabiwa nchini Kenya kuwa wa kigeni, lakini kwa msikilizaji wa Ndanai, katika nchi ya Wakipsigis, ugeni huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi "Chemirocha", wimbo wa wasichana wa Kipsigis ulioandamana na kinubi na kumtaja Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani anayehesabiwa leo miongoni mwa waliouandalia roki njia.

Katika kazi za karibuni za wasanii huru, yaani wasiofungwa na mikataba ya kampuni kubwa za kurekodi, unastahili kusikilizwa wimbo "Nyayo House" wa kundi la Crystal Axis la Nairobi, ambalo hupiga panki, aina ya roki ya kasi yenye maneno makali, na ambalo katika wimbo huo hukumbusha mateso waliyofanyiwa wapinzani katika jengo la jina hilo wakati wa utawala wa Daniel arap Moi. Msikilizaji asiyeogopa kelele na aitafute Duma, albamu ya mwaka 2020 ya Martin Khanja na Sam Karugu, iliyotolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inayochanganya metali, yaani roki nzito ya mayowe, na sauti za kompyuta. Kwa kuwa wasanii wa namna hii hawana mfadhili mkubwa, anayependezwa na kazi zao hana budi kuzinunua.