Uzushi wa Mbao Inayoimba

Swali ni lile lile kila anapokuja mteja mpya wa gitaa la oda: "Fundi, mbao gani ina sauti nzuri?" Wengine hawaulizi, wanakuja na jibu lao kabisa. Wanataka gitaa la umeme lenye bodi nzima ya mpingo, kwa sababu wamesikia klarineti za Ulaya zinachongwa kwa mpingo wa Kilwa na Lindi, na kwa sababu kipande cha mpingo ukikigonga kinalia kama chuma. Swali hili nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Nalijibu sasa kwa maandishi, ili anayekuja kuagiza aje na maswali yanayolingana na pesa anayotoa.

Kwenye gitaa la umeme lenye bodi nene isiyo na uwazi ndani, sauti inayotoka kwenye spika haikutoka kwenye mbao. Imetoka kwenye pikapu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga uga wa sumaku, mvurugiko ule unazaa umeme kidogo kwenye waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Pikapu haisikilizi bodi. Inafuata mwendo wa chuma kilicho milimita mbili au tatu juu yake, basi.

Anayetaka ushahidi na ajaribu mwenyewe. Atoe nyuzi nyembamba za chuma, afunge zile za nailoni za gitaa la kawaida, afungue amplifaya mpaka mwisho, kisha apige. Akiweka kiganja kwenye bodi ataihisi ikitikisika. Mbao ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini spika iko kimya, maana nailoni haina chuma cha kuvuruga sumaku. Kama mbao ingekuwa ndiyo inayoimba, hapo ingeimba.

Na waliolianzisha gitaa hili walilijua jambo hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, alichukua boriti la paini la inchi nne kwa nne, akalifunga shingo, nyuzi na pikapu. Liliita vizuri tu. Tatizo lilikuwa macho ya wasikilizaji, waliokuwa hawapendi kumwona mtu anapiga boriti, kwa hiyo akalibandika kila upande nusu ya bodi ya gitaa la kawaida ili lifanane na gitaa. Leo Fender alikuwa fundi redio, hata kupiga gitaa hakujua. Gitaa lake la Stratocaster lilipotoka mwaka 1954 bodi ilikuwa ya mti uitwao ash. Kuanzia 1956 nyingi zikatengenezwa kwa alder, kwa sababu alder ilipatikana kwa urahisi na ilishika rangi bila usumbufu. Uamuzi wa bohari na chumba cha rangi leo unajadiliwa vijiweni kama aya ya msahafu.

Magitaa ya Danelectro yalifunikwa kwa hadibodi iliyoshindiliwa kutoka kwenye nyuzinyuzi za mbao, bidhaa ya bei ya chini ya kujengea, na Jimmy Page, mpiga gitaa wa Uingereza, alilipiga moja jukwaani miaka mingi. Mwenzake wa Uingereza, Keith Richards, alipanda jukwaani mwaka 1969 na gitaa la Ampeg lenye bodi ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, na baba yake walianza kulichonga gitaa lake mwaka 1963. Shingo waliitoa kwenye ubao wa juu wa meko ya nyumba ya zamani, bodi wakaiunga kwa mbao za meza kuukuu ya mwaloni na blokibodi. Hilo ndilo gitaa linalosikika katika karibu kila rekodi ya Queen. Miaka hii mpiga gitaa Jim Lill wa Nashville ameonyesha kwa video jaribio la kukaza nyuzi hewani, bila bodi na bila shingo, pikapu ikiwa mahali pake chini ya nyuzi, na mlio wake ukaufikia ule wa gitaa zima.

Lakini klarineti je? Hapa ndipo wateja wangu wanapodhani wamenishika. Ndani ya klarineti kinachotikisika ni hewa iliyo kwenye tundu. Mpingo umechaguliwa kwa sababu ni mzito, una chembe zilizobanana, hauvuti haraka unyevu wa pumzi ya mpigaji, unakubali kukerezwa tundu laini kabisa, na tundu hilo linabaki na kipimo chake. Mwaka 1971 mwanafizikia John Coltman alichapisha jaribio la filimbi zenye vipimo sawa lakini za vitu tofauti: fedha, shaba na mbao. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kwa sikio, na waliozipuliza bila kuziona hawakuweza vilevile. Sasa ikiwa hata kwenye filimbi, inayogusana na mdomo wa mtu, kuta hazina usemi kiasi hicho, unataka nini kwenye bodi ya gitaa ambalo sauti yake inasafiri kwa waya?

Kugonga mbao kwa kidole sokoni na kuinamisha sikio ni upotevu mwingine wa muda. Mlio unaousikia ni wa ubao ule kwa urefu ule, upana ule na unene ule. Nikiukata, nikauchimba mashimo ya pikapu na nobu, nikaufunga shingo kwa skrubu na kuupaka laka, mlio ule haupo tena. Aliyekuuzia kwa bei ya juu kwa sababu "unalia" amekuuzia kitu ambacho msumeno utakiondoa siku ya kwanza.

Tufanye hesabu ya bodi ya mpingo, kwa kuwa hakuna anayeifanya kabla ya kuja. Bodi ya kawaida ina ujazo wa takriban lita nne. Lita moja ya mpingo mkavu ina uzito wa kama kilo moja na robo, ndiyo maana gogo lake linazama majini. Bodi peke yake basi ni kilo tano. Weka shingo, briji, tyuna na pikapu, unakaribia kilo saba begani, wakati gitaa zito la dukani halizidi sana kilo nne na nusu. Mpiga solo wa bendi ya dansi anasimama saa nne au tano kwa usiku mmoja. Mgongo wake utatoa hukumu kabla ya nyimbo za kwanza kwisha. Isitoshe, mpingo hukua polepole na kwa kujipinda, mbao zake safi ni fupi na nyembamba. Bodi inahitaji upana wa sentimita thelathini na zaidi, kwa hiyo utaungiwa vipande vingi kwa gundi, na miti iliyochukua miongo kukua itaishia kuwa uzito tu. Hilo linaniuma. Mpingo una kazi yake kwenye gitaa, nami nitaitaja.

Nisieleweke vibaya. Mbao ina athari fulani kwenye uzi, hasa mbao ya shingo. Watafiti wa Ujerumani Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker walipima zile sehemu za shingo ambapo noti inakufa upesi kuliko jirani zake, na wakaonyesha kwamba hapo shingo inatikisika kwa kasi inayolingana na ya noti ile, hivyo inanyonya nguvu ya uzi. Kila mpiga gitaa anazijua sehemu hizo. Ila jambo hilo linategemea ugumu na uzito wa shingo hiyo hiyo moja. Shingo mbili kutoka gogo moja zinaweza kutofautiana. Jina la mti halikuhakikishii lolote. Na anayesema anasikia tofauti kati ya gitaa lake la mahogani na la rafiki yake la alder, simbishii kwamba anasikia. Nabisha sababu. Pikapu si za aina moja, nyuzi si za umri mmoja, nobu si za kipimo kimoja. Chukua bisibisi, zungusha skrubu za pikapu mizunguko miwili juu au chini, mlio utabadilika kuliko ambavyo ungebadilika kwa kuhama msitu. Bisibisi ni shilingi elfu chache.

Swali la mbao linalostahili kuulizwa ni hili: itatulia? Gitaa lililochongwa Dar es Salaam au Mombasa likapelekwa Dodoma au Nairobi linaingia kwenye hewa kavu, na mbao inasinyaa kwa upana. Freti ni chuma, hazisinyai. Baada ya wiki chache ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo unakwaruzwa na ncha za freti zilizochomoza. Hiyo ni mbao iliyochongwa kabla haijakauka sawasawa. Likienda kinyume, kutoka bara kwenda Zanzibar, shingo inavimba na kupinda, na nyuzi zinapanda au zinaanza kugonga freti. Kwa hiyo mteja mwenye akili anamwuliza fundi mbao ilikaushwa wapi, imekaa muda gani karakanani, na kipimo cha unyevu kinasoma asilimia ngapi. Kwa shingo, nane hadi kumi ni salama. Anataka pia kukiona kichwa cha ubao: mistari ya ukuaji ikiwa imesimama wima kuelekea ubao wa vidole, shingo itasinyaa kidogo na kwa mpangilio. Ikilala au kukata mshazari, shingo ina hatari zaidi ya kujipinda. Na ndani ya shingo lazima iwemo fimbo ya chuma ya kurekebishia, ambayo mwenye gitaa anaweza kuifikia kwa ufunguo bila kung'oa kitu.

Mbao zetu, haraka haraka. Mkangazi kwa bodi: mwepesi wa kutosha, unachongeka, unashika rangi. Mninga unafaa bodi na shingo pia, kwa sababu ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana, na hauhitaji rangi kuupendezesha. Mvule ni imara lakini vumbi lake linawasha na una vijiwe ndani vinavyomaliza makali ya randa. Mkongo ni mzito mno kwa bodi. Mtiki una mafuta, fundi lazima aufute vizuri kabla ya gundi. Paini ya Sao Hill inafaa kabisa ikiwa kavu, kasoro yake ni kubonyea kirahisi. Mpingo mahali pake ni ubao wa vidole: unene wa milimita sita, upana usiofika sentimita sita, hauhitaji vanishi, hauliwi na nyuzi, haunywi jasho. Kipande kidogo kinatosha na kinadumu. Ukitaka kumpelekea fundi wa nje mbao yako mwenyewe ya mpingo, jua kwamba tangu Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa, mbao ghafi hazikusamehewa, kibali kinatakiwa.

Mengine. Urefu wa uzi: milimita 648 unakaza nyuzi na kuleta mlio wa kung'aa ambao wapiga solo wa rumba wanaupenda, 628 unalegeza na kurahisisha kuvuta uzi. Pikapu za koili moja zina mlio mwembamba safi, lakini zinavuma ukumbini penye taa za mirija na nyaya mbovu. Hambaka, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950, ina koili mbili zinazofutana uvumaji. Anayepiga kumbi za kila aina achukue hambaka yenye swichi ya kuigawa, au koili moja za aina isiyovuma. Nobu za kilo-omu 250 kwa koili moja, 500 kwa hambaka. Briji isiyotikisika, isipokuwa kama kweli unatumia mkono wa kuyumbisha noti, maana inatulia na nyuzi hubadilishwa upesi uzi ukikatika katikati ya wimbo. Freti za chuma kisichoshika kutu kwa wa pwani, bila mjadala. Freti 22 zinatosha, 24 zinaisogeza pikapu ya shingoni kuelekea briji na mlio wake unapungua unene. Shingo ya skrubu: inatengenezeka na kubadilishwa, na hadithi kwamba ya gundi inashikilia noti muda mrefu zaidi isikutoe pesa. Rangi chagua unayoipenda.

Yaandike yote kabla ya malipo ya awali: uzito wa juu wa gitaa zima, mathalani kilo tatu na nusu, urefu wa uzi, upana wa shingo kwenye nati, aina ya pikapu, unyevu wa mbao siku ya kuanza kuchonga, na kwamba gitaa litarudishwa kurekebishwa bure mara moja baada ya msimu wa kwanza wa hewa kubadilika. Fundi anayekataa kuweka kipimo cha unyevu kwenye mbao mbele yako, mwache hapo hapo na pesa yako ikiwa mfukoni.