Kiangazi tanuri, kipupwe friji: Nusura tufie ndani ya trela Texas!

Wale mnaodhani kila Mbongo aliyeko Unyamwezini analala ghorofani, leo kaeni kitako niwape ukweli. Mimi nalala kwenye trela. Si lile la kubebea kontena pale Ubungo, la hasha! Hili ni lile ambalo Wazungu hulifunga nyuma ya pikapu wakienda kupiga kambi. Lina vitanda, jiko, choo, na bafu ambalo ukiinama kuokota sabuni umeshagonga mlango kwa makalio. Kaka yangu, mtoto wa mjomba, alilinunua mtumba ili akwepe kodi ya nyumba, akaliegesha kwenye uwanja wa matrela nje kidogo ya Houston, Texas. Siku nilipofika alifungua mlango akasema, "Dogo, karibu Ikulu."

Ikulu yenyewe ukuta wake ni bati nje, ubao mwembamba ndani na sponji kiduchu katikati. Sasa Houston kiangazi ni nyuzi 35 na kupanda, na jasho lake ni lile lile la Dar ya Januari, ila upepo wa bahari hakuna. Juu ya paa kulikuwa na eisi kuukuu ya BTU 13,500, yaani kipimo cha joto ambalo mashine inaweza kulitoa ndani kwa saa moja. Ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini sisi tuliendelea kuloa.

Kaka akaapa kuongeza eisi ya pili. Akaanza kuweka dola kwenye kopo la kahawa, na kila Ijumaa akizihesabu mbele yangu kama kunikoga vile. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kimeksiko aliyekuwa fundi wa majokofu, akamcheka. Trela letu linachukua umeme wa ampea 30 kwa volti 120. Piga hesabu, ni wati 3,600 basi. Eisi moja peke yake inakula karibu nusu ya huo. Ukiwasha na maikrowevu na hita ya maji, paa! Breka chini, mpo gizani. Matrela ya eisi mbili huwa ya ampea 50, na kubadili nyaya zote ni pesa ndefu.

Mzee akafungua kifuniko cha dari. Kumbe baridi ilikuwa inatoka kwenye mashine, haifiki hata kwenye mabomba ya dari, inavuja pale pale na kurudi ilikotoka! Tukaziba nyufa kwa utepe wa foili, tukaosha vichujio vilivyoota manyoya, tukabandika karatasi za kung'aa madirishani. Gharama? Chini ya dola 50. Jioni ile kaka alijifunika shuka. Lakini kopo la kahawa hakuliacha. Sasa alitaka mashine mpya ya BTU 15,000, maana matundu ya paa kwenye matrela mengi ni ya kipimo kimoja, inchi 14 kwa 14, unang'oa kuukuu unapachika mpya.

Basi bwana, Desemba ikaingia, na hita ikafa. Hita ya trela inatumia gesi ya mtungi, lakini moto wake uko ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa. Unavuta hewa ya nje na moshi unatokea nje ubavuni, ndani inapulizwa hewa moto tu kwa feni ya betri. Mota ya ile feni ndiyo iliyoungua. Nikamwambia, "Kaka, tutoe pesa kwenye kopo." Akanijibu, "Pesa ile ni ya eisi. Baridi ya Texas ni wiki mbili tu, dogo, washa jiko."

Tukawasha jiko la kupikia. Madirisha tulishayaziba wenyewe, kwa raha zetu.

Usiku mmoja wa Januari niliamka kichwa kinapasuka, kichefuchefu tele. Nikadhani ni maharage. Nikamsikia kaka anajaribu kuinuka, akaenda chini magoti yote mawili. Hapo ikanijia sauti ya mama, mtu wa Mbeya, ambaye utotoni alikuwa akitoa jiko la mkaa nje kila usiku hata mvua inyeshe, akisema lile ni jambazi, linaua mtu usingizini. Nikazima jiko, nikapiga mlango teke, nikamburuta kaka hadi kwenye barafu na kaptula yake.

Pale ukutani kulikuwa na kengele ya kunusa kaboni monoksidi. Ilikuwa inalia "ti, ti" tangu Novemba, kaka akaing'oa akidhani inataka betri. Kumbe zile kengele zina tarehe ya kufa, imeandikwa nyuma! Na huyu bwana alikuwepo Texas ile dhoruba ya Februari 2021, umeme ulipokatika kwa mamilioni ya watu na zaidi ya 200 wakafariki. Wapo waliouawa na hewa hii hii, kwa kuwasha magari ndani ya gereji au mkaa sebuleni. Alikuwa akinisimulia habari zao huku jiko linawaka.

Hospitali tuliwekewa oksijeni saa kadhaa. Bili yake sitaki hata kuitaja.

Kopo likavunjwa. Mota mpya ya hita, kengele mbili mpya, moja karibu na kila kitanda. Kaka alijaribu kunishawishi eti tununue eisi zile zinazotoa na joto, tuue ndege wawili. Mzee akamkatiza: nje ikifika nyuzi nne tano hivi, zile zinaishiwa nguvu, na hapo ndipo unapozihitaji.

Sasa Juni imeingia. Mashine kuukuu bado inaunguruma juu ya paa na kopo lina dola 40. Kaka akitoka jasho ananitazama kwa jicho la pembeni, "Wewe dogo umekula eisi yangu." Mimi namsogezea feni.